Kifo kimoja, mikono mitatu

Sisi wa Walikale tunajua kwamba hadithi ya Mwindo haina msimulizi mmoja. Daniel Biebuyck aliandika ile ya Shekarisi Rureke mwaka 1956. Kiisha mwaka 1978 akatoa zingine tatu, na kila moja inaenda njia yake. Ile ni hadithi. Lakini kama ni mtu aliyeuawa kweli, itakuwa namna gani?

Tutazame kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, kule Katanga, tarehe 17 Januari 1961.

Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, alimchorea Johannes Fabian historia ya inchi, picha kama mia moja, miaka ya 1973 na 1974, akimweleza kwa Kiswahili. Kwake maiti tatu zimelala chini, misalaba mitatu iko nyuma, na damu ya Lumumba inaandika udongoni neno la Kifaransa « unité », ni kusema umoja.

Raoul Peck ni wa Haiti, lakini aliishi Kongo utotoni. Filamu yake « Lumumba », ya mwaka 2000, inaonyesha wazungu usiku wakiharibu maiti ili kaburi lisipatikane. Na anayesimulia ni marehemu mwenyewe.

Luc Tuymans ni Mbelgiji. Katika picha zake « Mwana Kitoko », alizoonyesha Venice mwaka 2001, sura ya Lumumba iko, maiti haiko. Kuna mfalme Baudouin katika nguo nyeupe. Kuna mikono yenye glavu, imeshika vipande vya chaki. Anayejua habari anakumbuka meno yaliyopelekwa Ubelgiji. Jino moja lilirudishiwa familia mwezi wa sita 2022.

Wengine watasema Tshibumba alidanganya, maana miili ile haikubaki mizima. Siye hatukubali. Kwetu mtu asiyezikwa, kilio chake hakiishe. Tshibumba alimlaza Lumumba chini ili watu wapate pa kulilia. Tuymans naye, mwana wa inchi iliyoficha, alichora mkono wa mfichaji. Hilo ni haki yake kulisema. Kosa tunaloliona ni ubaridi: asiyeelezwa atapita mbele ya chaki ile bila kusikia kitu. Peck anatuonyesha kazi yenyewe ya kuficha, ile ambayo wawili hawa hawakuichora.

Basi mmoja peke yake hatoshi. Tunalisema juu ya Ntoto. Vita ya mwezi wa tatu 1993 ilianza kule, kwenye soko, katika Walikale yetu hii, na mpaka leo kila kabila linahesabu wafu wake tu. Siku kijana wetu atakaposhika rangi achore Ntoto, tusimwulize kwanza yeye ni wa kabila gani. Achore. Na mwingine wa upande wa pili achore yake. Munyanga, Mukano, Muhunde, Muhutu, Mututsi: picha zote zitundikwe ku ukuta mmoja, na sisi wote tuingie kuzitazama, hata ile itakayotuuma.