Mashabiki wa Nchi za Angani

Mwaka 1939 mashabiki wa hadithi za kisayansi walifanya mkutano wao wa kwanza wa dunia mjini New York, wakajadili nchi zisizokuwapo. Jambo hilo si geni kwetu. Wazigua wa Handeni na Korogwe walizoea kukusanyika usiku kusikiliza ngano, na msikilizaji wao hakai kimya: huimba kiitikio, humkatiza msimuliaji akipotoka. Mshabiki huyo ni mhakiki pia.

Fasihi andishi imempa nini? Katama Mkangi alimrusha Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo, hadi Walenisi (1995). Kabla yake Shaaban Robert aliitundika Kusadikika angani (1951). Wajumbe sita huenda, hurudi, hufungwa. Huo ni muundo wa ngano, wenye marudio yanayongoja kiitikio. Naye Karama, akiitetea roho yake mahakamani kwa kusimulia, ni fanani mbele ya hadhira. Lakini kitabu hiki tumekifungia darasani. Mwanafunzi hutajishwa dhamira, wala haulizwi kama safari ilimsisimua. Hasara hiyo si ndogo. Kingesomwa kwa sauti huko Handeni, mbele ya wazee wenye haki ya kukatiza, tungejua upesi mahali Karama anapowachosha wasikilizaji. Napo, kwa maoni yetu, si pamoja.