Urefu Unaobaki

Mafundi wa injini za mashindano huko Marekani wana ubishi wao wa siku nyingi: konrodi iwe na urefu gani? Smokey Yunick, fundi maarufu wa Daytona Beach aliyefariki mwaka 2001, alishikilia kwamba uweke ndefu kadiri bloku itakavyokubali. David Reher wa Texas, mjenzi wa injini za mbio fupi za mstari mnyoofu, huona kwamba kazi ya konrodi ni kuiunganisha pistoni na kranki, basi. Mimi naegemea kwa Reher. Lakini sifa zangu nampa fundi yeyote anayeshika kalamu kabla hajashika spana.

Chukua Chevrolet V8 ndogo ya inchi za ujazo 383. Haikuzaliwa kiwandani. Mafundi walitwaa kranki ya injini ya 400, wakazisaga sehemu zinazokaa kwenye beringi kuu kutoka inchi 2.65 hadi 2.45, wakaipachika ndani ya bloku ya 350 iliyotobolewa kidogo zaidi. Pistoni iliyokuwa ikisafiri inchi 3.48 kutoka juu hadi chini, sasa husafiri 3.75. (Mzoefu wa milimita anisamehe, injini hii haina lugha nyingine.)

Kutoka katikati ya kranki hadi uso wa bloku, pale gasketi inapolala, kuna inchi 9.025. Kranki inachukua nusu ya safari ya pistoni, yaani 1.875. Kilichosalia wanagawana wawili: konrodi, na kimo cha pistoni kutoka katikati ya pini hadi kichwani. Konrodi ikiwa 5.7, pistoni inapata 1.425. Ikiwa 6.0, inapata 1.125. Kwa vyovyote pistoni inasimama inchi 0.025 chini ya uso wa bloku. Ni kama fundi wa jahazi anayechonga ubao wa mwisho kwa kipimo cha pengo aliloachiwa na mbao nyingine.

Je, konrodi ndefu huinama zaidi? La, huinama pungufu, kwa hiyo pistoni haiusukumi sana ukuta wa silinda. Na pistoni yenyewe, kwa kuwa fupi, inakuwa nyepesi. Gharama yake ni kwamba pini hupanda hadi kuingilia mfereji wa ringi ya mafuta, na mara nyingi hulazimu kuongeza kipande chembamba cha chuma cha kuibeba ringi hiyo.

Sasa piga hesabu ya faida. Kranki ikigeuka robo mzunguko kutoka juu, pistoni huwa imeshapita nusu ya safari, kwa sababu konrodi imelala upande. Kwa konrodi ya 5.7 imeshuka inchi 2.192, kwa ya 6.0, inchi 2.175. Tofauti haifiki hata nusu milimita. Mwinamo mkubwa kabisa ni digrii 19.2 kwa ile fupi, 18.2 kwa ile ndefu. Watu wamenuniana miaka kwa ajili ya digrii moja!

Kwa gari la kila siku ningechukua 5.7 na kuiacha ringi ya mafuta ikae kwa raha. Kwa injini ya kuzungushwa mara 7,000 kwa dakika ningechukua 6.0, na sababu yangu ingekuwa uzito wa pistoni, wala si ile digrii.

Kisha kuna jambo ambalo wabishi hulisahau. Fundi makini hufunga kranki, konrodi na kamshafti bila ringi, kisha huzungusha kwa mkono taratibu, akipima kila boliti ya konrodi inavyopita kando ya kamshafti na chini ya silinda. Akitaka nafasi ya inchi 0.060 chini ya silinda na haipo, husaga bloku. Hapo ndipo wengi hutambua kwamba konrodi waliyopaswa kuitafuta tangu mwanzo ni ile yenye mabega membamba, iwe ndefu au fupi.