Weusi wa Rochefort 10 Umetoka Wapi

Katika abasia ya Notre-Dame de Saint-Rémy, jirani na mji wa Rochefort kusini mwa Ubelgiji, habari za kutengeneza bia zimeandikwa tangu mwaka 1595, na ingawa Mapinduzi ya Kifaransa yaliwatawanya watawa wasirejee ila mwaka 1887, leo Watrapisti hao wanajulikana mbali kwa bia tatu zisizo na majina ila tarakimu: 6, 8 na 10. Tarakimu hizo si kiasi cha kileo. Ni kipimo cha zamani cha Kibelgiji cha uzito wa maji ya kimea kabla hayajatiwa hamira, na 10 maana yake ni kwamba maji hayo yamezidi maji matupu kwa takriban sehemu moja katika kumi. Kileo chenyewe cha hiyo 10 ni asilimia 11.3, kiasi kinachokaribia divai, na hapo ndipo penye mas'ala ninayotaka kuyachambua: bia yenye nguvu kadiri hiyo aghalabu huwa nzito na ya kunata, ilhali hii hupita kooni kwa wepesi na haiachi utamu wa kuchosha ulimini.

Ikimiminwa taratibu katika bilauri pana yenye mguu, hutoa povu la hudhurungi hafifu, na chini yake kinywaji kinachodhaniwa kuwa cheusi mpaka kiinuliwe mbele ya taa, ndipo kingo zake zionekane nyekundu. Harufu hutangulia ladha kwa mbali: zabibu kavu, tini, plamu, ndizi iliyoiva hata ikaanza kupata madoa, na nyuma yake ukali wa viungo ambao mtu wa Pemba angeuapia kuwa ni karafuu. Karafuu haimo, wala matunda hayamo. Kiungo kilichomo ni mbegu za giligilani, tena kidogo sana.

Mtu akiuona weusi huo hudhani umetokana na nafaka iliyochomwa, kama ilivyo katika bia nyeusi za Dublin, ambazo shayiri yake hukaangwa hata ikawa na uchungu wa kahawa. Lakini anayeonja kwa makini hatauona uchungu wa namna hiyo, kwa kuwa kimea cha Rochefort ni cheupe kwa sehemu kubwa, kikiongezwa kimea cha karameli, na kazi kubwa ya rangi imefanywa na sukari nyeusi, iliyopikwa kabla hata ikageuka rangi na kupata ladha yake yenyewe. Kwa hakika sukari ndiyo roho ya ustadi huu, na wale waidharauo kuwa ni njia ya kupunguza gharama hawajaitazama kazi yake. Kimea kinapolowekwa katika maji ya moto, wanga wake hugeuka sukari za namna nyingi, na baadhi yake hamira haiwezi kuzila, kwa hiyo hubaki katika bia zikaifanya nzito. Sukari ya kawaida, kinyume chake, huliwa yote, ikaacha kileo bila kuacha uzito. Laiti watawa wangaliitafuta asilimia 11.3 kwa kimea peke yake, wangalipata kinywaji cha kulambwa kwa kijiko. Kwa kutia sukari nyeupe pamoja na nyeusi wamepata nguvu kwa hiyo ya kwanza, rangi na harufu ya tini kwa hiyo ya pili, na wepesi kwa zote mbili.

Harufu za matunda zilizosalia ni kazi ya hamira. Uchachu huanza katika joto la takriban nyuzi 20, nalo huachwa lipande hadi nyuzi 23, joto ambalo mtengenezaji wa bia nyepesi ya Kijerumani angelikataa katakata, kwa kuwa katika joto hilo hamira huzaa kwa wingi zile esta zinazonukia kama ndizi na plamu. Na hamira za jamaa hii huzaa pia fenoli, ndizo zile zilizomdanganya mtu wa Pemba. Ustadi uko katika kuizuia isipite mpaka, kwani nyuzi chache zaidi zingalileta ukali wa pombe kali unaochoma pua.

Kisha hufuata chupa, ambamo hutiwa sukari kidogo na hamira mpya ili bia ichache mara ya pili. Gesi izaliwayo humo ni nyingi, nayo huinua kinywaji kutoka ulimini kabla utamu haujatulia. Ukiiacha bilauri mpaka gesi itoke, utaonja bia nyingine kabisa, nzito na butu. Maua ya hopsi hutia uchungu wa kiasi tu, wa kusawazisha.

Ikiwekwa miaka kadhaa mahali penye giza na ubaridi, ndizi hufifia, hewa ndogo iliyomo shingoni mwa chupa ikaanza kazi yake, na harufu ikaelekea kwenye divai ya sheri. Wengi husifu hali hiyo, nami naikiri kuwa ni tamu. Lakini povu hupungua na uhai wa gesi hulegea, kwa hiyo naipendelea ile iliyokaa mwaka mmoja au miwili, ikinywewa katika nyuzi 12 hivi, wala si baridi ya barafu, ambayo huziba harufu zote hizo.