Pongezi kwa Msusi Aliyenikatalia

Nilifika saluni Jumamosi asubuhi, harusi ikiwa jioni, nikitaka kuwekwa dawa. Msusi akazitawanya nywele kwa kitana, akatazama ngozi. "Umefumua lini?" Jana usiku, nikasema, na nimejikuna sana. "Basi leo siweki dawa, dada yangu. Nitakubana vizuri tu, utapendeza." Fedha ya dawa ikampita hivyo.

Nampongeza kwa moyo wote. Dawa nyingi za kulainisha nywele zina sodiamu haidroksaidi, ile ile kostiki soda ya wapika sabuni, na ikikuta mchubuko haina huruma. Ndiyo maana msusi makini hutangulia kupaka mafuta ya mgando kwenye mpaka wa nywele na masikioni, huvaa glavu, hutazama saa. Ukisema panawaka, hakwambii uvumilie ili zilainike. Anaosha papo hapo kwa maji mengi, kisha kwa shampuu ya kuzimua dawa. Kazi hii inataka jicho na moyo, na wasusi wengi hawajawahi kusifiwa kwa hilo.

Mpambaji anayemshauri bibi harusi hina tupu badala ya piko naye namvulia kofia. Piko mara nyingi huwa na PPD, kemikali inayoweza kuleta malengelenge siku kadhaa baadaye. Na kinyozi anayefungua wembe mpya mbele yako: virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kudumu nje ya mwili siku 7.

Nilirudi baada ya wiki mbili. Alinikagua tena kabla ya kufungua kopo.