Kilio Chetu, Lakini Nani Hajahesabiwa?

Tamthilia ya Kilio Chetu niliisoma nikiwa kidato cha tatu, kwetu Likunja, na bila shaka wewe pia umeipitia, maana imetahiniwa miaka nenda miaka rudi. Medical Aid Foundation waliiandika miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa unafagia kaya nzima nzima. Dhamira yake kuu ni kwamba wazazi waache haya, waseme na watoto wao. Anna hakuambiwa kitu, akaangukia kwa Joti, akaambulia mimba na ugonjwa. Hapo waandishi wamefaulu, siwanyimi haki yao.

Ninachopinga ni imani iliyojificha chini ya dhamira hiyo, kwamba anayejua ataokoka. Je, anayejua lakini anaogopa? Yule anayeifahamu kondomu vizuri kabisa, ila akiitaja tu usiku anazabwa kibao na kuulizwa, "Kumbe unatembea nje, eh?" Huyo si mjinga hata kidogo.

Msimu mmoja wa korosho, nyumba ya pili kutoka kwetu walipanga wanaume wawili. Walikuwa wapenzi, na mtaa mzima ulijua ukajifanya haujui. Usiku tulisikia kipigo. Asubuhi mdogo wao katoka jicho limevimba, watu wakasema eti wamegombania hela. Mkubwa alikuwa na mke kijijini, msimu ukiisha anarudi kwake. Siku moja kisimani nilimuuliza yule mdogo kwa nini hashtaki. Akanijibu, "Nikienda polisi nitasema nani kanipiga? Yeye ni nani kwangu?"

Swali hilo lilinishinda. Anayepigwa mara nyingi hudaiwa PF3 ya polisi anapokwenda kutibiwa, na PF3 inataka maelezo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliweka kifungo cha miaka 30 hadi maisha kwa mapenzi ya namna yao. Kwa hiyo mlalamikaji akieleza sawasawa, anageuka mshtakiwa. Na kama alilazimishwa bila kinga, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72. Saa hizo zinapita mtu amejifungia chumbani anatunga uongo wa kumwambia mganga. Anayempiga naye anazijua hesabu hizi. "Sema, tuone nani ataaibika" ni fimbo nzito kuliko ngumi. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku vilainishi, 2017 ikavifunga vituo walikokuwa wanapimwa na kupewa ushauri, kwa hiyo hata pale pa kunong'ona pakapungua.

Sasa turudi kwenye fasihi. Katika Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971), Zakaria akilewa anampiga Regina, na msomaji anajua pa kuiweka huruma yake. Kipigo kile kina jina: mume kampiga mke. Shoga katika hadithi na vichekesho vyetu mara nyingi ni wa kuchekwa, au ni fisi wa kuogopwa. Ni mhusika bapa. Sijakutana naye akiwa mtu aliyelala njaa kwa sababu mwenzake kaficha ufunguo, au aliyekatishwa dawa za VVU kwa kuwa kopo lilitupwa chooni. Wahakiki nasi tunaandika "UKIMWI katika fasihi" kana kwamba virusi vinapita kwa mvulana na msichana tu. Mke wa yule mkubwa, kule kijijini, yumo katika mnyororo uleule, na Kilio Chetu haina onesho linalomfikia.

Ningekuwa mtunzi ningeanzia zahanati. Yule mdogo alikwenda hatimaye, mkono umevimba, bila PF3. Alimwambia mganga ameanguka juu ya mkorosho. Mganga akaandika hivyohivyo, akampa dawa za maumivu. Na kwetu, jamani, korosho huokotwa chini.