Kache ya nyaraka: saa ya kompyuta haitoshi

Korosho ya mkulima haisogei bila karatasi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, vyama vya msingi vya Masasi na Newala vimekuwa na orodha za kuandika na kuandika tena kila mnada unapokaribia.

Chukua orodha ya malipo iliyoandikwa kwa LibreOffice. Kuigeuza kuwa PDF kwenye kompyuta kongwe kunachelewesha, na orodha hiyohiyo huombwa na mhasibu, katibu na mtu wa ghala. Basi igeuzwe mara moja, PDF itunzwe kwenye kache, yaani folda ya nakala za kutumiwa tena. Ugumu uko hapa: kompyuta itajuaje kwamba PDF hiyo bado inalingana na orodha?

Unix ina mfano mzuri. Programu ya man-db, inayoonyesha kurasa za mwongozo, inaweza kutunza kurasa ilizokwisha kupanga ndani ya /var/cache/man, na hulinganisha saa ya faili la asili na ya nakala. Tena hutunza ukurasa wa upana wa kawaida tu, herufi 66 hadi 80 kwa mstari, folda isije ikajaa nakala za kila upana wa kioo. Nidhamu hiyo naipenda sana.

Lakini wengi wanaojiandikia skripti huchukua saa peke yake: asili ikiwa mpya kuliko nakala, geuza upya. Kwa malipo ya watu, hiyo ni hatari. Kompyuta iliyokufa betri ya saa huwaka ikiamini tuko miaka mingi nyuma. Katibu akisahihisha kilo 412 ziwe 421, faili lake litaonekana la zamani kuliko PDF ya jana, na mkulima atapunjwa kilo 9.

Badala ya saa, jina la nakala litokane na yaliyomo kwenye faili la asili. Amri ya sha256sum husoma faili zima na kutoa herufi na tarakimu 64. Ikibadilika tarakimu moja ndani, mfuatano wote hutoka mwingine. Ongeza hapo toleo la LibreOffice na fonti zilizotumika, maana fonti ikikosekana safu za jedwali husogea. PDF iandikwe kwa jina la muda, isukumwe hadi kwenye diski, ndipo ipewe jina lake. Umeme ukikatika katikati, hakuna atakayekabidhiwa nusu ya orodha.

Nafasi ikipungua, zifutwe nakala zisizoombwa siku nyingi. Kanuni za FHS za mpangilio wa mafaili ziko wazi: kilichomo /var/cache lazima kiweze kutengenezwa upya. Stakabadhi iliyosainiwa na kuskaniwa haiwezi, kwa hiyo haina nafasi humo.

Ninyi mnaotunza kompyuta za vyama hivi, kabla ya mnada wa kwanza hamishieni kache yote kwenye flashi, kisha ombeni kila waraka upya. Utakaokosekana ulikuwa kwenye kache peke yake; urudisheni kwenye folda ya asili siku hiyohiyo.