"Ni mambo ya zamani" haitoshi

Kitabu cha katuni *Tintin au Congo* cha Mbelgiji Hergé kilitoka mwaka 1931. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kama wengi wetu, na Kongo alikuwa hajaikanyaga. Wakongomani wake wanaongea Kifaransa kibovu, na mwishoni wanapigia magoti sanamu ya Tintin na ya mbwa wake. Mbwa, jamani! Katika toleo la kwanza Tintin anawafundisha watoto weusi kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Mwaka 1946 Hergé akageuza hapo, ikawa somo la hesabu. Sanamu ya mbwa ikabaki.

Mwaka 2007 Mkongomani Bienvenu Mbutu Mondondo alikishitaki kitabu hicho mjini Brussels. Mwaka 2012 mahakama ikamkatalia.

Wanaokitetea husema: usimpime mtu wa jana kwa mizani ya leo. Na mimi nimewahi kujificha humo. Miaka sita iliyopita niliandika igizo la vijana, na mjinga wa igizo nikampa lafudhi ya kabila lingine la hapa kambini. Watu walicheka sana. Juzi dada mmoja wa kikundi chetu akaniambia, "Kaka, siku ile nilikuwa nimekaa mbele na mama. Yeye hakucheka." Nikamjibu, ah, zamani zile sote tulikuwa tunataniana hivyo.

Sote akina nani? Mama yake alikuwepo siku ileile. Mizani ambayo mimi naiita ya leo, yeye alikuwa nayo tayari, ila sikumwuliza.

Ndivyo ilivyo kwa Hergé pia. Brussels ilikuwa na chama cha Wakongomani tangu 1919, kilichoanzishwa na Paul Panda Farnana, na walikuwa wakidai haki za watu wao waziwazi. Halafu mwaka 1934 Hergé alikutana na mwanafunzi Mchina, Zhang Chongren, akamsikiliza, na katika *Le Lotus bleu* akawachora Wachina kama watu wenye akili na machungu yao. Miaka michache tu ilikuwa imepita, na nyakati ni zilezile. Tofauti ni kwamba safari hii aliuliza.

Kwa hiyo mimi sisemi kitabu kichomwe. Kisomwe, ila swali liwe: waliochorwa walikuwa wapi, na nani aliwauliza? Swali hilo linawahusu hata ndugu zetu wa mashirika. Ripoti mnazotuandika leo, watoto wetu watazisoma kesho. Sisi tuliomo ndani yake tupo hapahapa, mlango wa tatu.

Igizo la mwaka huu nimempa yule dada alisome kwanza. Amefuta mistari miwili. Mmoja nilikuwa naupenda kweli.